Hatua Mia Tatu na Arobaini kutoka Noflik

Hiltje Boonstra alikuwa na desturi iliyomfanya apendwe na nusu ya bandari yetu na kulalamikiwa na nusu nyingine. Kila alipofunga mashua yake gatini, kabla hata ya kuchemsha kahawa, alizungukia mashua za wenzake na kufunga henza zao, zile kamba za kupandishia tanga, ili upepo usizigongegonge mlingotini. Hakuomba ruhusa. Mfuko wa koti lake ulijaa vipande vya mpira, na kila henza aliivuta mbali na mlingoti na kuifunga kwa fundo lile lile. Wytze, mvuvi mstaafu mwenye mashua ya chuma upande wa pili wa gati, alisema tangu mwanamke huyo aje, bandari imekuwa kimya kama makaburi.

"Kimya utakipata bure ukifa, bibi wa daraja," alimwambia siku moja. "Haraka ya nini?"

"Nikifa sitakifaidi," Hiltje akamjibu, na akaendelea kufunga.

Bibi wa daraja lilikuwa jina lake kwa haki. Kwa miaka thelathini na mmoja aliketi katika kibanda kando ya mfereji, akilifungua daraja mashua zipite na kulifunga magari yapite. Kengele ya kuyasimamisha magari ilikuwa imepigiliwa nje ya dirisha, upande wa kushoto wa kiti chake, na sikio lake la kushoto lilikufa polepole bila yeye kujua ni mwaka gani. Baadaye daraja likaanza kuendeshwa kwa kamera kutoka ofisi ya mbali. Walimpa maua, mkate wa sukari na barua. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na nyonga ya kulia iliyokwisha kulika kwa kukalia kiti kibovu. Ndipo aliponunua Noflik.

Noflik ni katamarani, mashua ya miili miwili myembamba iliyounganishwa kwa jukwaa. Urefu wake ni mita sita na kidogo. Kwenye maji yetu, ambayo huondoka mara mbili kwa siku na kuacha mchanga mtupu hadi visiwani, mashua ya aina hiyo ina faida moja kubwa: maji yakipwa, inakaa wima kama meza. Mashua ya Wytze ingelala ubavu. Hiltje alichagua fungu la mchanga alilolipenda, akatia nanga, akangoja maji yaondoke chini yake, na kwa saa nne au tano alikuwa na nyumba juu ya nchi kavu ambayo haikuwa ya mtu.

Jina hilo kwa Kifrisia, lugha yetu huku kaskazini mwa Uholanzi, ni neno tunalolitumia mtu anapokaa mahali akajisikia vizuri mwili na moyo. Na kwa kweli alikaa vizuri. Alikuwa na kiti cha turubai alichokikata miguu kikae sawa na nyonga yake. Ngozi mbili za kondoo zililala katika mwili wa kulia, mahali pa kulala, na vikombe vilikaa juu ya vipande vya blanketi visigongane. Kiatu cha mti alichokuwa akiwaning'inizia wenye mashua darajani watie ushuru sasa kilitunza miwani yake. Kamba ya nanga aliitoa ndefu kuliko mtu yeyote ninayemjua, mita arobaini penye maji ya kina cha mtu, kwa sababu kamba fupi huistua mashua na kumwamsha aliyelala. Mumewe, Folkert, hakuwahi kuviona vyote hivi vikiwa majini. Yeye hutapika hata kwenye kivuko.

Watu walimcheka kwa ngozi za kondoo. Yeye alikuwa na hoja, na alinieleza zaidi ya mara moja, taratibu, kama mtu anayeeleza njia. Alisema ukiwa peke yako hakuna wa kukushika mkono unapotaka kukosea. Mwenye baridi hufanya haraka ili aingie ndani. Mwenye njaa hukata njia. Mwenye nyonga inayouma haendi mbele kuikagua nanga, hujiambia iko sawa. Kwa hiyo raha, kwake, ilikuwa sehemu ya vifaa, kama usukani.

Kitu kimoja tu ndani ya Noflik kilikuwa na kelele. Hiltje alipolalia sikio lake zima hakusikia chochote duniani, basi alinunua saa ya mezani ya zamani, ya kutia ufunguo, yenye kengele mbili kichwani, na aliiweka ndani ya karai tupu la bati. Ikilia, karai nalo lililia. Wytze alisema saa hiyo ingemwamsha babu yake, na babu yake kazikwa kijijini Engwierum.

Mimi ndiye ninayeandika saa za maji kwenye ubao wa bandari, kwa hiyo siku hiyo ninaijua kwa dakika. Ilikuwa Alhamisi ya kwanza ya Juni. Maji yalikuwa yapwe kabisa saa nne na dakika kumi na nane asubuhi. Mengine aliniambia mwenyewe, wiki tatu baadaye, kwa mpangilio, daftari lake likiwa magotini.

Mashua ilikaa mchangani saa mbili na robo, kusini ya kisiwa cha Schiermonnikoog, hali ya hewa ikiwa tulivu na jua kali. Alikuwa peke yake. Hakukuwa na mlingoti mwingine hadi upeo wa macho. Alikula mkate mweusi na jibini, akanywa kahawa, akafunga henza zake ingawa upepo haukuwepo. Akaitegea saa ilie saa sita kasorobo, nusu saa kabla ya maji kuinyanyua mashua, apate nafasi ya kupanga kila kitu bila haraka. Kisha akashuka.

Kushuka ni desturi yetu sote. Mashua ikikaa kwenye mchanga, unaiendea nanga kwa miguu na kuikanyagia chini kwa kisigino. Unaweza pia kusugua mashua, au kutembea tu. Ila tuna sheria moja ambayo haikuandikwa popote: usiende mbali kuliko mahali unapoweza kulisoma jina la mashua yako.

Nyonga ilikuwa inamuuma tangu jana yake. Mwezi huo bahari yetu bado ni baridi ya kukata, lakini madimbwi yanayobaki mchangani hupata moto wa jua yakawa kama maji ya kuoga, na Hiltje alikuwa amegundua kwamba nusu saa ndani ya dimbwi ilimpa siku mbili bila maumivu. Dimbwi la karibu lilikuwa na kina cha kiganja tu. Aliliona jingine ng'ambo ya mkondo mdogo uliobaki na maji ya kulowesha vifundo vya miguu. Akaenda pekupeku, amevaa kaptura na sweta, koti mkononi. Simu ilikuwa mashuani ikichajiwa. Redio ya mkononi nayo ilibaki mashuani, kwenye kishikizo chake. Saa ya mkono aliivua kwa ajili ya maji.

Alizihesabu hatua, kwa sababu darajani alizoea kuhesabu kila kinachopita. Zilikuwa mia tatu na arobaini, na mkondo aliuvuka kwenye hatua ya mia mbili na hamsini. Alipofika aligeuka. Noflik ilikuwa pale, nyeupe, wazi kabisa. Jina hakuweza kulisoma.

"Nikajiambia, jina si nalijua," aliniambia.

Akaketi dimbwini. Maji yalimfika kiunoni, na maumivu yakaanza kuachia. Alilikunja koti likawa mto, akaliegemeza kwenye ukingo wa mchanga, akalaza kichwa upande wa kulia, na kofia akaifunika usoni. Hakukusudia kulala.

Kilichomwamsha ni baridi mabegani. Alitoa kofia, na kwa muda alifikiri bado imo usoni, maana hakuona kitu. Ukungu wa bahari ulikuwa umeingia. Kwetu huja hivyo mwanzoni mwa kiangazi, hewa yenye joto ikikaa juu ya maji baridi: dakika moja kuna jua, dakika kumi baadaye huoni vidole vya miguu yako. Alisimama. Pande zote zilikuwa nyeupe sawasawa, na juu pia, hata jua hakujua liko wapi.

Hesabu aliifanya palepale, na ilikuwa fupi. Maji yalikuwa yamegeuka au yalikaribia kugeuka. Saa saba yangekuwa shingoni mwake popote atakaposimama, na kabla ya hapo baridi ingekuwa imekwisha kazi. Hakuna aliyejua aliko isipokuwa Folkert, na Folkert hakutarajia kusikia lolote hadi jioni. Ilimpasa aipate Noflik.

Nyayo zake zilikuwepo. Aliinama na kuzifuata moja baada ya nyingine, kidole gumba kikielekea huku na yeye akielekea kule, na kwa hatua tisini mambo yalikwenda vizuri. Kisha akafika kwenye mkondo.

Maji yake yalikuwa yanakwenda. Asubuhi yalilowesha vifundo. Sasa aliingiza mguu yakamfika juu ya goti, yakimsukuma kwa nguvu kutoka upande. Alivuka akijikokota, mkono mmoja umeshika nyonga, na katikati akateleza akalowa hadi kifuani. Alipotoka upande wa pili hakukuwa na nyayo. Utando mwembamba wa maji ulikuwa umekwisha kupanda juu ya mchanga na kuufuta. Isitoshe, mkondo ulikuwa umemsogeza, naye hakujua ni kwa hatua ngapi.

Mbele yake zilibaki hatua mia mbili na hamsini. Akazitembea. Alichagua mwelekeo aliouamini, akahesabu kwa sauti, na alipofika mia mbili na hamsini hakuona chochote. Aliongeza ishirini. Akaongeza ishirini nyingine upande wa kushoto. Akarudi, au alidhani anarudi. Maji yalikuwa vifundoni. Alipaza sauti mara moja, akajiona mjinga, kwa kuwa mashua haijibu.

Na mashua ile hasa isingetoa hata mlio. Mashua nyingine yoyote ya bandari yetu ingegonga, ingelia bawaba, kikombe kingegusa kikombe. Yeye alikuwa ametumia miaka minne kuinyamazisha Noflik, kamba kwa kamba, hadi mtu angeweza kupita mita ishirini kutoka kwake asijue.

Alikuwa ameshainua mguu kwenda tena, upande wowote, alipojizuia. Darajani, siku za ukungu, mashua za mizigo zilimjia bila kuonekana, na kazi yake haikuwa kukimbia huku na huko kibandani. Ilikuwa kuzima injini ya daraja, kuzima redio, kufungua mdomo wazi, kwa kuwa mdomo ukiwa wazi sikio husikia zaidi, na kusimama. Wanaopotea kwenye mchanga wetu, wale wanaokutwa baadaye, karibu wote walikuwa wakitembea.

Saa ingelia. Aliitegea saa sita kasorobo na hajawahi kusahau kuitia ufunguo. Ingelia mara moja, hadi msokoto wake uishe, kama sekunde arobaini, kisha basi.

Swali lilikuwa kama imekwisha kulia. Alikuwa amelalia sikio zima. Kama ililia yeye akiwa dimbwini, basi amesimama hapa anangoja kitu kilichokwisha pita, na kila dakika anayosimama maji yanapanda. Hakuwa na saa. Alikuwa na mkondo tu. Aliujua mkondo ule kutokana na kiangazi kilichopita, na katika daftari lake aliandika kwamba hujaa hadi goti saa moja na robo hivi baada ya maji kupwa. Juu ya goti, basi, ilikuwa saa tano na dakika thelathini na tano, labda arobaini. Tangu hapo alikuwa ametembea hatua mia tatu za mtu mwenye nyonga mbovu, pamoja na kuzunguka. Aliihesabu tena. Mara ya pili ikatoka kwamba saa ililia dakika mbili zilizopita. Mara ya tatu ikatoka kwamba bado.

Akasimama. Maji yalipanda kutoka vifundoni hadi nusu ya muundi. Alianza kutetemeka, na meno yaligongana hadi akayatenganisha kwa kidole, kwa sababu kugongana kwake kulikuwa kelele. Aliniambia hakusali na hakumfikiria Folkert. Alifikiria ile barua waliyompa na maua, iliyosema kwamba kamera zinaona vizuri zaidi.

Kisha ikalia.

Ililia kwa mbali na kwa wembamba, na karai chini yake. Lakini mtu mwenye sikio moja husikia kwamba kuna sauti; hasikii inatoka wapi. Sauti ilikuwa ndani ya kichwa chake, pande zote. Hiltje alijua hivyo, na alikuwa ameshaamua atafanya nini. Aligeuka polepole mahali pale pale, kama mtu anayezungusha usukani, sikio la kulia likitafuta. Sauti ilipungua. Ikapungua zaidi. Ikaanza kurudi. Ikakua, ikakua, ikaanza kupungua tena, naye akarudi nyuma kidogo hadi pale ilipokuwa kubwa kuliko kote. Akanyoosha mkono wa kulia moja kwa moja kutoka sikioni, akageuza mwili wote ufuate mkono, na kengele ikakatika.

Alitembea mkono ukiwa mbele. Hakuthubutu kuushusha. Hatua thelathini. Sitini. Alijilazimisha asiufuate mguu mzima, kwa kuwa mwenye nyonga mbovu huvuta upande mmoja bila kujua, na ndivyo alivyopotea mara ya kwanza. Tisini. Maji yalikaribia magoti. Mia. Hakukuwa na kitu. Alipofika mia na ishirini mkono ulimwishia nguvu na ukaanguka wenyewe.

Hatua mbili mbele, kitu kilimgusa muundi. Alifikiri ni mwani. Akainama, akatia mkono majini, na ilikuwa kamba.

Alikuwa ameipita mashua. Iliachwa mkono wa kushoto, labda mita kumi na tano, nyeupe ndani ya weupe, na angeendelea kwenda hadi kwenye maji makubwa. Lakini ile kamba ya nanga ya mita arobaini, tuliyoicheka sote, ilikuwa imelala kwenye njia yake. Aliishika kwa mikono miwili na kuifuata kama kipofu, mkono mbele ya mkono, hadi kidole chake kikagonga ubao.

Hakuweza kupanda ngazi. Nyonga ilikataa. Alijivuta juu ya jukwaa kwa tumbo, akalala hapo kwa muda, na alipokuwa bado amelala mashua ikatikisika chini yake mara moja, ikatikisika tena, ikaelea.

Alijifunika ngozi zote mbili za kondoo. Kahawa hakuchemsha. Ukungu uliondoka saa nane, ghafla kama ulivyokuja, na alipoketi kitini na kutazama hakuliona dimbwi wala mkondo, kulikuwa na bahari tu. Jioni alifunga gatini. Nilimwona nikamwuliza safari ilikuwaje, akasema kulikuwa na ukungu. Alikwenda moja kwa moja kwa Folkert. Siku hiyo hakufunga henza ya mtu yeyote, na sikulitilia maanani.

Nililotilia maanani lilikuja baadaye. Kwa wiki tatu upepo ulivuma kutoka magharibi, na kila nilipokwenda kubadilisha ubao nilisikia henza moja ikigonga mlingoti, tik, tik, tik, bila kukoma. Nilidhani ni ya mgeni. Ilikuwa ya Noflik. Zile nyingine mbili zilikuwa zimefungwa kwa fundo lake la kawaida, hiyo moja imeachwa makusudi, maana kipande cha mpira kilining'inia kando yake.

Wytze naye alikuwa ameisikia. Jumamosi moja mchana alivuka gati akiwa na kipande cha kamba mkononi, amefurahi kama mtu aliyengoja miaka minne. Hiltje alikuwa ameketi kwenye kiti chake kifupi, anakula mkate wa sukari.

"Leo zamu yangu," Wytze alisema. "Kelele hii inatuua, jirani. Tuonee huruma na sisi tulio hai."

Akanyoosha mkono kuishika henza.

"Usiiguse, Wytze."

Hakuisema kwa ukali. Wytze alicheka kwanza, akafikiri ni utani, kisha akamtazama usoni na mkono ukashuka. Alisimama hapo kidogo akiizungusha ile kamba vidoleni. Yeye amevua samaki kwenye maji haya tangu akiwa na miaka kumi na minne, na nadhani alihesabu kitu kichwani mwake, siku ya ukungu na siku henza ilipoanza kugonga.

"Ulikuwa umbali gani?" aliuliza.

"Mia tatu na arobaini."

"Jina ulilisoma?"

Hiltje akatikisa kichwa. Wytze akaitia kamba mfukoni, akauliza nafasi ya kukaa ipo au haipo, akapewa ukingo wa jukwaa na kipande cha mkate. Mimi nikaitwa nije na kikombe changu. Ndipo Hiltje alipolifungua daftari magotini na kuanza tangu mwanzo, dimbwi, mkondo, hatua, huku ile henza ikigonga juu ya vichwa vyetu, na ilimbidi apaze sauti kidogo ili tumsikie.